Ini la Mbuzi wa Krismasi

Choo cha nyumbani kwa Aikaruwa kilikuwa na adabu kuliko wapangaji wengi wa Jiji la Mteremko. Kilisalimia, kilijisafisha chenyewe, na baada ya kila haja kilisoma kilichoachwa ndani yake. Kwa sababu hiyo watu walikiita kisomachoo. Asubuhi ile binti yake, Ndeshi, alipomaliza, hakikumwambia ahsante kama kawaida.

"Mayai ya minyoo ya ini yameonekana," kilisema. "Mtoto apelekwe hospitali leo."

Ndeshi alitoka ameshikilia gauni lake. "Mama, kwani mimi nataga?"

"Nyamaza, uvae viatu."

Hakuna mzazi wa Jiji asiyewaogopa minyoo hao. Ni bapa kama jani, huingia na mboga mbichi za majini, kisha hujenga makao katika ini la mtoto na kulila polepole. Lakini Ndeshi hakuwa na homa wala maumivu. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka mlimani, kwa Bibi Manka, mama wa baba yake, ambako ukoo mzima ulikuwa umekwenda kula Krismasi. Bibi mwenyewe ndiye aliyemrudisha, na sasa alikuwa amekwishajifunga kitenge, akisubiri mlangoni bila kusema neno. Kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye, kimya kile kilimtia Aikaruwa wasiwasi.

Walikuta ukumbi wa hospitali umejaa wazazi na watoto.

"Kila Januari ni hivi hivi," muuguzi aliwaambia. "Nadhani ni mvua za Desemba."

Daktari Mrosso aliwaita ndani. Mezani kulikuwa na sindano yenye maji ya rangi ya fedha. Humo waliogelea visaka, mashine ndogo kuliko chembe ya unga, zilizoundwa kufuata damu hadi kwenye ini na kumkatakata kila mnyoo. Aikaruwa alivijua. Elinami, mtoto wa jirani yake, alichomwa visaka Januari iliyopita. Mpaka leo macho yake ni ya njano, na hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Wazazi wake waliambiwa mwili wake uliikataa dawa.

Mashine iliyokuwa ukutani iliuliza kwa sauti kavu, "Je, mtoto amekula nyama ya mnyama aliyechinjwa?"

"Hapana," Aikaruwa akajibu haraka.

Nani angejibu vingine? Nyama yote ya Jiji ilioteshwa kwenye matangi, na kuchinja kulipigwa marufuku hata mlimani. Aliyechinja alinyang'anywa kihamba chake, yaani shamba la migomba alilorithi, hata kama mumewe amezikwa humo. Na mume wa Bibi Manka alizikwa katika kihamba chao.

Daktari aliinua sindano. Ndeshi akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake.

"Ngoja kwanza, daktari," Aikaruwa alisema. "Swali lile mnaliuliza la nini?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Mnyama anaweza kuwa na minyoo hao. Mtoto akila ini lake, hata likiwa limepikwa, mayai hupita tumboni na kutoka kama yalivyoingia. Kisomachoo huyaona, kumbe mtoto ni mzima. Lakini ninyi mmejibu hapana."

"Na mtoto mzima akichomwa visaka?"

"Visaka havijui kurudi mikono mitupu. Visipokuta mnyoo, vinalikata ini lenyewe."

 Aikaruwa alimtazama mama mkwe wake. Alijua kihamba kile kina thamani gani, na hakuthubutu kumwomba.

"Usinitazame hivyo, Mama Ndeshi," Bibi Manka alisema. "Unadhani mimi ni jiwe? Daktari, nilichinja mbuzi. Kwetu ini ni la mjukuu aliyebeba jina la mama wa babu yake, na aliyelibeba ni huyu. Alilimaliza lote, hakunibakizia hata la kuonja."

"Lilikuwa tamu!" Ndeshi alisema kutoka nyuma ya kitenge.

Daktari aliweka sindano chini, akavuta kisomadamu, mashine ya kupima damu, kutoka kwenye kona. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Aliyekwisha kuonekana na mayai hakupimwa damu tena, kwa hiyo kilikaa bure. Kilimchoma Ndeshi kidole, kikanywa tone moja.

"Mnyoo akiishi ndani ya ini, mwili hutengeneza askari wa kupigana naye," daktari alieleza. "Tunawaita kingamwili. Mayai yanayopita njia tu hayamwamshi askari hata mmoja."

Walisubiri. Aikaruwa alikishika kidole cha mwanawe kana kwamba kingeweza kukimbia.

"Hakuna kingamwili," kisomadamu kilisema. "Ini la mtoto ni zima."

Bibi Manka alicheka huku akilia. Daktari Mrosso hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wa ukumbini.

"Kila Januari," alisema taratibu. "Na wote walijibu hapana."

Aikaruwa akamkumbuka Elinami. Akamkumbuka na mama yake, Krismasi iliyotangulia sindano ile, akirudi kutoka mlimani na beseni lililofunikwa vizuri. Aliinuka, akatoka, akasimama ukumbini, mgongo wake ukiuziba mlango wa chumba cha sindano.

"Hakuna mtoto atakayepita hapa kabla ya kupimwa damu," alisema kwa sauti.

"Wewe ni nani hapa?" baba mmoja alifoka. "Tumeshika foleni tangu alfajiri!"

Bibi Manka alimpita mkwewe, akapanda juu ya benchi. "Mimi ni Manka wa Kihamba cha Juu. Nilichinja mbuzi, nikampa mjukuu wangu ini, kisomachoo kikadhani ana minyoo, na sindano ile ilitaka kumuua bure. Nani mwingine alichinja?"

Watu wakainamisha vichwa. Kwenye dari, jicho la serikali, ambalo husoma nyuso na kuandika makosa, liligeuka taratibu likawa jekundu.

Mwanamke mmoja aliyempakata mwanawe alisimama. "Sisi tulichinja wawili," alisema. Mtu akacheka. Yule baba mwenye hasira akakaa, kisha naye akanyoosha mkono.

Daktari alikuwa amekwisha kukisukuma kisomadamu mpaka katikati ya ukumbi. Jicho lilikuwa bado linahangaika kutoka uso hadi uso, likitafuta wa kwanza kumwandika. Bibi Manka, akiwa bado juu ya benchi, alivua kilemba chake ili limwone vizuri.