Sibonyezi, Hata Likilia

Kila nikitoka shule navua sare, nakula kilichobaki jikoni, kisha naketi mbele ya kompyuta ya sebuleni. Mama yangu ni fundi cherehani. Yeye huwapima wateja barazani huku akitaja namba kwa sauti ya mnadani, nami naziandika: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Jumatano moja tulikuwa tumemaliza vipimo vya wanakwaya arobaini. Vitambaa vyao vingekatwa kesho yake asubuhi. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ile, na havikuwa mahali pengine popote.

Nilipokwenda kunywa maji, kaka yangu akakalia kiti. Mtaani wanamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kufungua redio, akaifunga tena, na skrubu tatu zikabaki mezani. Redio ilikufa, jina likaishi. Sasa alikuwa akitafuta mechi ya bure mtandaoni.

Ghafla kompyuta ikaanza kulia kama gari la zimamoto. Dirisha jekundu likatokea: ONYO! KOMPYUTA YAKO IKO HATARINI. SASISHA PROGRAMU NDANI YA DAKIKA TANO AU MAFAILI YOTE YATAFUTWA. Chini yake sekunde zilikuwa mbioni.

Nilikuja mbio, nikanyakua kipanya.

"Lete hapa!" akafoka Injinia. "Vipimo vya Mama vitafutika!"

"Sibonyezi."

"Unajua nini wewe, mtoto wa darasa la sita?"

"Na wewe unajua nini, zaidi ya skrubu tatu?"

Nikauvuta kando ukurasa wake wa mpira. Dirisha jekundu likaufuata, limeng'ang'ania kama kupe.

"Umeona? Limetoka kwenye tovuti yako ya mpira. Kompyuta ikitaka kusasishwa ina mahali pake pa kusemea."

Mama akapaza sauti kutoka barazani. "Nyie! King'ora cha nini hicho? Bonyezeni kinachotakiwa, kinyamaze! Nina mteja hapa!"

Injinia akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Mama ameshasema."

Kwetu, Mama akisema amesema. Lakini kipanya sikukiachia.

"Nisamehe, Mama," nikajibu, "ila sibonyezi! Njoo uone kwanza."

Kandambili zikaja, pa, pa, pa. Mama akasimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Ilibaki dakika moja.

"Binti, vipimo vikipotea nitawaambia nini watu arobaini?"

"Vikipotea nitawapima upya mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Lakini nikibonyeza, nitakuwa nimewafungulia wezi mlango."

"Sekunde kumi!" Injinia alikuwa akihesabu kama mwamuzi wa ngumi. "Tatu! Mbili! Moja!" Akafumba macho.

Sifuri. Hakikufutika kitu. Namba zikapepesa, zikaanza upya: dakika tano.

Mama akatoa pini mdomoni. "Ala! Kumbe linatutisha tu?"

Nikafunga kivinjari chote na king'ora kikakatika. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe, sehemu ya kusasisha. Pale paliandikwa kwamba programu zote ni za sasa. Faili la vipimo nalo likafunguka, wanakwaya wote arobaini wakiwa salama, hata yule wa sauti ya nne mwenye kiuno cha pipa.

Mama akavuta stuli, akakaa.

"Nimekosea kuwaambia mbonyeze kabla sijaona," alisema. "Mteja akinipigia kelele 'kata, kata upesi', ndipo naweka mkasi chini nipime tena, maana kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Leo nimeisahau kazi yangu mwenyewe. Basi sikieni wote wawili: anayekutisha huku anakuharakisha hataki ufikiri. Usibonyeze. Funga, kaangalie mahali panapohusika, na umwite mtu mzima. Na wewe Injinia, chukua daftari, unakili vipimo vyote kwa mkono."

"Vyote arobaini?"

"Na kwenye flashi pia uviweke. Mali haiwekwi kapu moja."

Injinia akakuna kichwa. "Sasa Mama, na siku onyo likiwa la kweli?"

Mama alikuwa ameshainuka kurudi kwa mteja wake.

"Likiwa la kweli litasubiri tulikague," akasema. "Ukweli haukimbizi mtu."