Kengele ya Kufunga Mwaka

Siku hizi matokeo ya mtihani hutumwa kwa simu, na mzazi huyasoma akiwa kazini kabla mwanawe hajafika nyumbani. Hata nafasi ya kupanga utetezi njiani hakuna! Enzi zetu, katika shule yetu ya Kikatoliki ya wavulana mtaani Jericho, mambo yalikuwa mengine. Kila Novemba, mvua inapoanza, mimi huyakumbuka na kuyatamani.

Kila asubuhi tulisali uwanjani, tukafagia madarasa, kisha mwalimu wetu wa darasa, Bruda Obonyo, akaita majina. Alikuwa mrefu, na kanzu yake nyeupe haikukosa vumbi la chaki. Kompyuta hakuiamini hata kidogo. Mwisho wa mwaka walimu walimletea alama kwenye vikaratasi, na mvulana mwenye mwandiko mzuri akazinakili kwenye karatasi kubwa ya manila. Bruda alijumlisha kutoka hapo, akapanga nafasi, kisha karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa kanisa la shule ili wazazi waisome.

Tulikuwa na desturi moja. Aliyepanda nafasi nyingi kuliko wote darasani ndiye aliyepiga kengele ya kufunga mwaka, mzazi wake akisimama kando yake. Hakuna aliyetoka langoni kabla kengele hiyo haijalia. Nilikuwa kidato cha pili, na kamba ya kengele ile niliitamani kuliko chapati za Krismasi.

Mwaka huo Bruda alinichagua mimi, Kiilu, kunakili alama. Siku ya Jumanne nilikaa ofisini kwake na rula yangu. Niliiweka chini ya jina, nikanakili alama, nikaitia tiki, kisha nikashuka mstari. Nilikuwa nimefika kwenye jina langu katika kikaratasi cha Hisabati wakati Odero alipochungulia dirishani.

"Kiilu, toka bana! Hatuna golkipa!"

"Nipe dakika mbili, msee!"

Nilipokigeukia kikaratasi tena, rula ilikuwa imeteleza mstari mmoja chini, nami sikutambua. Nikasoma themanini na moja. Themanini na moja! Mimi niliyekuwa sijawahi kufika hamsini! Furaha ilinijaa hata sikujiuliza lolote. Niliiandika mbele ya jina langu. Jina lililofuata lilikuwa la rafiki yangu Kweyu, na alama iliyokosa tiki hapo ilikuwa arobaini na tatu. Nikampa hiyo, nikamaliza majina yaliyosalia mbiombio, nikakimbilia golini.

Ijumaa ikawa siku ya kufunga. Mama yangu, Ndanu, aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la Jumapili. Kwenye ukuta wa kanisa, jina langu lilikuwa limepanda kutoka nafasi ya ishirini na sita hadi ya tisa. Hakuna aliyepanda hivyo. Wenzangu walinipiga mgongoni hadi ukauma.

Kweyu alikuwa amesimama peke yake mbele ya karatasi ile.

"Hongera, bana. Kengele ni yako," aliniambia.

"Na wewe umekuwa wa ngapi?"

"Wa thelathini. Mzee alisema nisipofika ishirini bora, ananipeleka Butere kwa amu nisomee huko. Amekuja kuomba barua ya uhamisho." Alitazama viatu vyake. "Na hesabu nilidhani nimeiweza, Kiilu. Kwa kweli nilidhani."

Nilimwonea huruma. Kweyu alitembea kutoka Mukuru kwa Njenga kila alfajiri, akikariri kanuni za hesabu njiani. Kwa miaka miwili tulikuwa tumekaa dawati moja na kugawana hata mahindi ya kuchoma.

Muda si muda Bruda alinituma ofisini kuchukua karatasi za Hisabati zilizosahihishwa, ili zigawiwe baada ya kengele. Nilitafuta yangu, kama ambavyo mvulana yeyote angefanya. Hii hapa: Kiilu, arobaini na tatu, kwa wino mwekundu. Chini yake ilikuwepo ya Kweyu: themanini na moja.

Nikaiona rula, nikamwona Odero dirishani, nikaelewa yote. Sitawaficha: niliichomoa karatasi ya Kweyu nikaipeleka chini kabisa ya rundo. Nilijiambia kwamba ataipata baadaye. Lakini baadaye ingekuwa wapi? Barua ikishaandikwa, Kweyu angekuwa njiani kwenda Butere, na dawati letu lingebaki na mtu mmoja.

Nje, Bruda alikuwa tayari ameishika kamba. Mama alisimama kando yake akitabasamu, mkoba wake ukiwa kifuani. Baba yake Kweyu naye alikuwa amesimama nyuma ya wazazi wengine, kofia mkononi.

"Kiilu, njoo," Bruda aliita.

Niliichomoa tena karatasi ya Kweyu chini ya rundo, nikamwendea nayo pamoja na yangu. "Bruda, kengele si yangu. Nilikosea kunakili. Hii themanini na moja ni ya Kweyu."

Bruda alizisoma karatasi zote mbili. Sikuthubutu kumtazama mama.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi, Bruda. Na... nilitaka kuificha."

Aliwageukia watu. "Wazazi, tusubiri kidogo. Na mimi nina kosa, maana nilijumlisha bila kulinganisha." Akanirudia mimi. "Kosa la Jumanne lilitokana na haraka, na haraka tutairekebisha. Ungenyamaza leo, ungemwibia mwenzako jasho lake kwa kujua. Lete rula, kalamu na gundi."

Nilikata vipande vya manila, nikaandika alama sahihi mbele ya watu wote, nikavibandika juu ya zile za uongo. Bruda alijumlisha upya. Mimi nikashuka hadi nafasi ya ishirini na nne. Kweyu alikuwa amepanda kutoka thelathini na saba hadi kumi na mbili.

Baba yake aliisogelea karatasi, akaifuata kwa kidole hadi akalipata jina.

"Mzee Kweyu," Bruda alimwuliza, "ile barua bado unaitaka?"

"Barua gani tena, Bruda?" alisema mzee, akaivaa kofia yake, kisha akaivua tena kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa.

Kweyu aliivuta kamba kwa mikono miwili. Kengele ililia, wavulana wakapiga kelele, na mimi nikapiga kelele kuliko wote, ingawa nililia pia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mama, kupitia soko la Jericho. Tulipovipita vibanda vya mboga, nilimwambia:

"Mama, nisamehe. Uliomba ruhusa kazini bure."

Alisimama, akanirekebisha kola ya shati.

"Alama utazitafuta mwakani, na utazitafuta kwa bidii, usidhani nimezisahau. Lakini mtu anayesema ukweli wakati unamuuma, huyo ataaminiwa popote. Nilikuja kusikia kengele, mwanangu, na nimeisikia."