Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Kila Jumamosi, akishateka maji na kuosha vyombo, Rhobi alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote: kumsomea mama yake ujumbe wa simu. Mama Teresia hakusoma sana, na Rhobi wa darasa la sita pale Robanda alijiona mkurugenzi wa mawasiliano wa ukoo mzima. Alikohoa kwanza, akatengeneza sauti, kisha akasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Jumamosi hiyo hata kukohoa alisahau. "Ndugu mkulima, kifuta jasho chako kimepitishwa. Bonyeza hapa ujaze fomu. Mwisho saa sita mchana. Ukichelewa, jina lako litafutwa."

Tembo walikuwa wamemaliza mahindi yao, hawakubakiza hata bua la kutafuna. Mama aliandikisha jina kwa mtendaji wa kijiji, na tangu hapo nyumba ile ilisubiri kifuta jasho, pesa za serikali kwa walioliwa mazao na wanyamapori, kama vifaranga wanavyosubiri pumba.

"Mama, kifuta jasho kimekuja!"

"Acha utani wako, Rhobi."

"Haki ya Mungu! Ila mwisho saa sita."

"Sasa unangoja nini? Jaza!" Mama alikuwa anapepeta mtama uani, ungo mikononi.

Rhobi akajaza jina, ekari na namba ya simu. Mara ikaingia meseji yenye tarakimu sita: namba ya kuthibitisha WhatsApp, usimpe mtu yeyote. Fomu nayo ikasema: andika hapa namba uliyotumiwa. Rhobi akasita. Usimpe mtu yeyote. Kisha akajijibu, kwa akili aliyoiona nyingi: fomu si mtu. Akaandika.

Punde WhatsApp ikajifunga. Akazima simu, akaiwasha. Bado.

"Imeenda?" mama akauliza.

"Imeenda, mama." Na kweli kitu kilikuwa kimeenda, ila Rhobi hakusema nini. Alinyamaza akiomba kirudi chenyewe.

Saa tisa alasiri shangazi Elieth akapiga simu kutoka Nyamwaga. Kilio chake kilisikika hadi nje ya nyumba.

"Wifi! Kaka yangu aliumwa nini?"

"Kaka yako yupi?"

"Nelson! Si wewe umetuandikia WhatsApp kwamba amefariki, tutume rambirambi za kusafirisha mwili? Tumetuma. Hata ndugu wa Migori wametuma. Mama yetu alipoambiwa alianguka. Tuko naye hospitali, presha imepanda, hataki dawa, hataki hata maji."

"Elieth, mimi sijaandika kitu! Nelson yuko kazini!"

"Basi mpe simu. Mama anasema kama mwanawe ni mzima aongee naye mwenyewe. Vinginevyo tusimdanganye."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Baba alikuwa mpishi wa kambi ya watalii ndani ya hifadhi, mahali pasipo na mtandao, ambapo simu ni saa ya mfukoni tu. Mama akapiga mara tatu, mara nne. Haipatikani. Akakaa chini polepole.

"Leo siku ya nne sijamsikia," alinong'ona. "Na kama ni kweli?"

Rhobi akashindwa kuvumilia. Akasema yote: fomu, tarakimu sita, WhatsApp iliyojifunga, na ukimya wake. Mama hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alijifunga khanga tu, wakaenda kwa Mwalimu Nassib, aliyefundisha TEHAMA shuleni.

"Shikamoo mwalimu. Nimemuua baba," Rhobi akasema, akaanza kulia.

Mwalimu aliposikia habari nzima alichukua simu. "Mimi nitapambana na hii akaunti. Ninyi nendeni ofisi ya kambi hapo barabarani, wana redio ya upepo ya kuongea na kambini. Muulizieni baba."

Redio ikakoroma. "Nelson ametoka na gari la watalii tangu asubuhi," kambi ikajibu. Wakasubiri saa moja. Ya pili ikaanza. Mwalimu akaja mbio na simu, shangazi amepiga tena: "Amefumba macho, wifi. Anasema aachwe amfuate mwanawe." Rhobi aliziba masikio. Aliona jeneza la bibi, na juu yake jina la muuaji: Rhobi.

Hatimaye redio ikakohoa. "Nelson hapa. Nasikia kuna msiba. Nani amekufa?"

"Wewe!" mama akasema, akaangua kilio.

Dereva akamkimbiza baba hadi kilima chenye mtandao. Yaliyofuata shangazi aliyasimulia baadaye. Simu ilipowekwa sikioni mwa bibi, hakushangilia. Alifumbua jicho moja, akauliza kwa Kikurya: "Ng'ombe aliyekuvunja jino alikuwa na rangi gani?"

"Hakuwa ng'ombe, mama. Alikuwa mbuzi, mweusi."

Ndipo bibi akaomba maji, akameza na dawa.

Jioni hiyo Mwalimu Nassib aliirudisha akaunti kwa kuomba namba mpya ya kuthibitisha, akaiwekea na nywila ya pili. Jumatatu mama aliripoti polisi, lakini rambirambi hazikurudi. Rhobi alipewa simu awapigie ndugu mmoja mmoja, awaombe radhi kwa kinywa chake. Wa Migori walikuwa wameuza kondoo ili watume. Hawakumtukana. Walisema tu, "Haya, mtoto," na hilo lilimuuma zaidi.

"Mwalimu, mimi nasoma kuliko watu wote nyumbani," alisema kwa uchungu siku iliyofuata shuleni. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu walikuandikia kitu ulichokuwa unakitamani, wakakupa haraka usipate nafasi ya kufikiri. Mtendaji yuko hatua mia mbili kutoka kwenu, ungemuuliza. Namba ya siri ukiiandika kwenye fomu, nyuma ya fomu kuna mtu. Na ulipoona umekosea, ulificha, ukawapa wezi mchana mzima." Mwalimu akaongeza: "Bibi yako hajui hata herufi a, Rhobi. Alikuwa anakufa kwa hamu ya kuisikia sauti ya mwanawe. Hata hivyo aliuliza swali kwanza."