Neno la Siri la Mwalimu Marcelo

Siku ya kwanza Joyness kumwona Mhoja, alitamani kumvuta shati amtoe kwenye kiti. Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa pamba, mwaka 2005, malori yakipishana kuelekea kiwandani, na duka la intaneti la Mama Veronica karibu na stendi ya Bariadi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kompyuta iliyosoma disketi ilikuwa moja tu. Mbele yake alikaa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola imesimama, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la mji ule halimhusu, akisoma habari za mpira.

Joyness alimwambia kwa adabu kwamba ana disketi. Kijana akasema anamalizia ukurasa. Akaumaliza, akafungua mwingine. Joyness, gauni lake la kitenge cha kijani limebana kiunoni na mkoba kifuani, akasimama nyuma yake akaanza kuzisoma zile habari kwa sauti, na majina ya wachezaji wote, hadi watu wakageuka.

"Dada, unanionea," kijana akasema huku akicheka, akainuka.

"Nimekusaidia kusoma. Sasa nipishe."

Alimpisha, lakini hakuondoka. Alitaka kuona hiyo disketi ina nini.

Ilikuwa na fumbo. Mwalimu Marcelo, mwenye chuo kidogo cha kompyuta Mwanza, alikuwa ametangaza nafasi za kusoma bila ada kwa watakaolifumbua. Programu yake ilifanya jambo moja: iliomba neno la siri. Ukikosea, iliandika "Hapana." Kazi ilikuwa kuifungua ndani, kusoma amri za lugha ya mashine moja baada ya nyingine, na kuelewa inavyolikagua neno unaloandika. Joyness alikuwa amemaliza kidato cha sita na alifundisha hesabu kwa kujitolea katika shule moja ya binafsi. Wazazi wake, wakulima wa Ngulyati, wasingeweza kumlipia chuo. Fumbo lile ndilo lilikuwa mlango wake.

Mhoja alikuwa karani wa kampuni moja mpya ya kununua pamba, na ofisini kwake kila aliyekwama na kompyuta alimwita yeye. Jumamosi iliyofuata alikuja akaweka kiti chake pembeni ya Joyness. Iliyofuata tena akamsindikiza Joyness hadi nyumbani, akimsimulia visa vya ofisini mpaka akacheka kwa kushika ukuta. Wakapendana haraka, na Joyness akaanza kuchoka haraka vilevile, maana Mhoja alikuwa anajibu maswali kabla hayajaisha. Wakienda kula, alikuwa ameshamwagizia. Joyness akigusa kibodi, mkono wa Mhoja ulikuwa umeshafika.

"Mpenzi, acha nilipate mwenyewe," alimwambia zaidi ya mara moja.

"Sawa, mama. Ila angalia hapa."

Kisha mama yake Joyness akashikwa na malaria, na Joyness akaenda Ngulyati kumuuguza. Kwa kuwa kule hakukuwa na intaneti, alimwachia Mhoja neno la kufungulia barua pepe yake, amwangalizie kama mwalimu ameandika lolote.

Siku chache baadaye simu iliita. Joyness akakimbia hadi kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao.

"Mpenzi, tulia na mama," Mhoja akasema kwa furaha. "Nimeshakumalizia fumbo. Nimelituma kwa mwalimu, kwa jina lako."

Joyness akamuuliza alilipataje. Mhoja akaeleza kwamba aliifungua programu iliyobaki kwenye kompyuta ya Mama Veronica, kama mtu anayefungua barua, na katikati ya alama zisizosomeka akaona herufi tano zimekaa pamoja: QBNCB.

"Ulilijaribu kwanza?"

Mhoja akaanza kueleza tena jinsi herufi zilivyokaa pamoja.

"Mhoja, uliliandika kwenye programu ukaona inasema nini?"

"Lilikuwa limeandikwa mle mle ndani, Joy."

Kesho yake Mhoja akapiga tena, akamsomea jibu fupi la mwalimu: neno si sahihi, na kila mwombaji hujibu mara moja tu. Joyness akaacha kupokea simu za Mhoja. Baadaye ikaingia meseji: Mhoja alikuwa amempigia mwalimu, akamweleza kwamba Joyness alikuwa anaumwa sana ndiyo maana akakosea. Joyness aliisoma mara mbili, akakaa chini pale pale kwenye kichuguu. Sasa alikuwa ameonekana mjinga na pia mwongo, na yote hayo amefanyiwa na mtu anayempenda.

Mama yake alipopata nafuu, Joyness alirudi mjini akaenda moja kwa moja kwa Mama Veronica. Hakuwa na nafasi ya kushinda, lakini hakutaka kulala tena bila kujua. Jenereta lilikuwa linaunguruma nje. Akafungua zile amri, akaanza upya. Moja ilichukua herufi uliyoandika. Nyingine iliilinganisha na herufi iliyofichwa; zisipofanana, programu iliruka hadi kwenye "Hapana." Katikati palikuwa na amri mbili za kuongeza moja, na siku zote alidhani zote mbili zinasogeza mahali pa kusoma. Akazitazama tena polepole. Ya kwanza ilisogeza kweli. Ya pili iliiongeza herufi yenyewe. Ukiandika A, ililinganishwa ikiwa imeshakuwa B.

Basi akarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi ya ile QBNCB. Q ikawa P. B ikawa A. Alipofika ya tano alikuwa anacheka peke yake, malori yanapita nje. PAMBA. Akaiandika. Kompyuta ikajibu, "Sawa."

Akampigia mwalimu yeye mwenyewe. Alisema jibu la kwanza halikuwa lake, na hakuwa mgonjwa. Akamweleza amri zote, moja moja. Mwalimu akauliza: je, mtu akiandika Z?

"Haitarudi A," Joyness akasema. "Itakuwa alama inayofuata Z kwenye kompyuta. Mabano ya mraba."

"Basi hili ndilo jibu lako. Njoo Jumatatu uanze," mwalimu akasema.

Alipogeuka, Mhoja alikuwa amesimama mlangoni, viatu vina vumbi. Alikuwa amesikia. Alimwomba msamaha bila kupamba.

"Nilikuwa nikikuona unahangaika, naona kama nimeshindwa kazi," alisema.

"Kuhangaika kwangu si kazi yako. Wewe ukae karibu tu."

"Nitakaa. Nataka kukuoa, Joyness. Kuna chumba Mwanza, karibu na chuo, nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba—" Akaishia hapo. Akajipangusa uso kwa kiganja. "Wewe unataka nini?"

Joyness alichukua muda wake wote.

"Nataka nisome kwanza, nikae na wasichana wenzangu. Nikimaliza, washenga wako waende Ngulyati, nitakubali. Na Mwanza utakuja nikikuita."

"Utaniita?"

"Nitakupigia. Kupiga kabisa, siyo kubipu."

Mhoja alifungua mdomo kutaka kusema jambo, akaufunga, akavuta kiti akakaa.