Sauti ya Mchungaji Kemboi

Mchungaji Bethwel Kemboi alikutwa amekufa kifudifudi kando ya kiti chake, nyumbani kwake kijijini Bahati, povu limemkaukia mdomoni. Mezani palikuwa na mkebe wa unga wa virutubisho, kifuniko wazi.

Kufikia adhuhuri kijiji kilikuwa kimekwisha kuhukumu. Sauti ya mchungaji ilikuwa imepotea kwa miezi. Mtaalamu wa sauti mjini Nakuru alikuwa akimfanyisha mazoezi ya koo na pumzi, na Micah, mwenye duka la virutubisho, akamuuzia ule unga wa kumtia nguvu. Basi nani mwingine? Vijana walikwenda kulichoma duka. Polisi wakamtia Micah seli, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumnusuru.

"Afande, mimi nauza vitamini! Huo unga nakunywa hata mimi."

"Basi tutakukorogea kikombe, boss," Konstebo Kiptum alimkejeli.

Inspekta Wariara Thuo hakucheka. Alikuwa mtu wa kutafuna neno kabla ya kulimeza.

Ripoti ya maabara ilipofika, unga ulikuwa safi. Lakini tumboni mwa marehemu mlikuwa na sumu ya kuulia fuko, ile wakulima wa viazi hutegea shambani, imechanganyika na mursik, maziwa ya mgando yenye chembe za mkaa.

Wariara alimpigia simu Nangila, yule mtaalamu wa sauti.

"Maziwa?" Nangila alishangaa. "Nilimkataza, yalimletea makohozi. Unga ulikuwa wa kunywa kwa maji vuguvugu, tena wa kumsaidia tu. Kazi yenyewe ni mazoezi. Na alikuwa amepona, Inspekta! Aliniambia Jumapili atasimama madhabahuni. Alilia kwa furaha."

Wariara na Kiptum walirudi Bahati. Wanawake walikuwa wakimenya viazi uani. Jepleting, binti wa marehemu, alikuwa amefika kutoka mashamba ya maua ya Naivasha. Alijikunja pembeni, shuka zito limefunika tumbo. Jikoni, kibuyu cha mursik kilining'inia ukutani kikinukia moshi mbichi.

"Mama Jeruto, pole tena," Wariara alimwambia mjane. "Ulisema mzee alikunywa unga kwa maji."

"Ndiyo."

"Kibuyu hiki kimefukizwa lini?"

Mjane alikitazama. "Jana."

"Jana mumeo alikuwa mochari. Majirani ndio wanaopika, wewe hujagusa hata sufuria. Lakini kibuyu umekiosha na kukifukiza?"

Kiptum aliinamisha macho. Alilelewa katika nyumba yenye vibuyu kama hivyo. Haviguswi ila na mama wa nyumba.

"Binti yangu alikuwa njiani," mjane alisema polepole. "Anapenda mursik. Angeingia tu, akitwae, anywe."

"Kwa hiyo ulijua kilichokuwamo."

"Nilikitia mwenyewe, mwanangu."

Alijikalia kigodani.

"Jeruto, kifungua mimba wangu, alipata mimba shuleni. Baba yake akamtangaza madhabahuni, mbele ya watoto aliosoma nao. Tulimtoa ziwani. Jumapili iliyofuata akahubiri tena. Ndipo Mungu akamfunga koo. Mimi nikalala usingizi, afande. Nyumba ilikuwa na amani, anagonga kikombe tu akitaka chai."

"Kisha sauti ikarudi."

"Ikarudi. Na habari za Jepleting zilikuwa zimemfikia. Neno la kwanza aliloniambia humu ndani ni, 'Jumapili namtangaza na huyu.'"

"Ungemtorosha binti."

"Huyu mmoja ningemtorosha. Maneno yangemfuata mpaka Naivasha, kama yalivyomfuata dadake majini." Alifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Nikamwambia, unga huu mchungu, leo unywe kwa mursik, mara moja tu. Alifurahi kama mtoto. Akanishukuru kwa sauti ile ile."

Wariara alikitungua kibuyu, akakifunga katika mfuko wa ushahidi.

"Micah mwachilieni," mjane alisema akinyoosha mikono. "Ana watoto."

Walipompandisha gari, Jepleting alitoka mbio hadi mlangoni, mkono tumboni, akafungua kinywa kumwita mamake.

Sauti haikutoka.