Mwasho Usio Wake

Kisu cha kukatia karatasi kilishuka mara moja, lakini mlio wake ulisikika mara mbili.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani, na kazi imepamba moto kwenye karakana ile ya kujalidi vitabu. Shangazi, aliyekiendesha kisu kile miaka kumi na tisa bila kupoteza hata ukucha, aliondoa mguu kwenye pedali akakitazama. Kilikuwa juu, kimetulia. Binti wa kaka yake, aliyekuwa akishona kurasa meza ya pili, naye alikuwa amesikia. Wakatazamana. Kisha ikaja harufu ya kucha zilizoungua, ikapita katikati yao taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa.

Binti huyo walimwita Shingo. Tangu akiwa na miaka saba shingo yake ilikuwa ikiruka yenyewe upande wa kushoto, na koo likitoa kamlio kadogo, "hmk," hata msibani. Mwingine angelia kwa jina la namna hiyo. Yeye aliliitikia kwa sauti kubwa mpaka waliolitunga wakaona haya. Utotoni alifukizwa na kuchapwa na waganga watatu, na kila mmoja alimwona jini wake. "Hao majini," alikuwa akisema, "wangepanga zamu basi, nipate kulala."

Ukubwani alijipeleka kliniki mwenyewe. Mtaalamu wa huko, mama asiye na haraka, alimwambia kwamba hana jini wala ukaidi, mwili wake ndivyo ulivyo. Akamfundisha kwa wiki kumi jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kabla shingo haijaruka kuna mwasho unaotangulia, kama ule wa chafya inayotaka kutoka. Wa Shingo ulikuwa chini ya sikio la kushoto. Ukiusikia, usigombane nao na usiutii. Shusha kidevu kidogo, kaza shingo polepole, pumua, ngoja. Utapanda, utafika mwisho wake, utashuka. Haikuwa dawa ya kuumaliza, na siku nyingine Shingo aliiacha shingo iruke itakavyo, maana ni yake.

Mchana wa siku ile ya mlio, mkunjaji wa karatasi, mtu mzima asiyejua mzaha, aliinua mkono akajizaba kofi. Mara tatu. Watu wakaangua kicheko.

"Nani amenipiga?" akauliza, na kicheko kikafa.

Kesho yake mama wa gundi alitumbukiza mkono mzima kwenye sufuria ya gundi ya moto, huku akiutazama mkono huo kama wa jirani. "Si mimi!" alikuwa akilia walipomtoa. "Jamani, si mimi!"

Basi macho yote yakageukia meza ya pili.

"Umetuambukiza," bosi alisema.

"Bosi, yangu ni shingo. Na haijawahi kumuunguza mtu."

"Kesho mganga anakuja. Ukikataa kukaa mbele yake, usirudi. Na shangazi yako aliyekuleta aondoke pamoja nawe."

Shingo angeweza kwenda zake siku hiyo hiyo, lakini Shangazi hakuwa na kazi nyingine, na ndiye pekee aliyewahi kusimama mlangoni kuwazuia waganga. Asubuhi akaja, akaketi kwenye kiti walichomwekea katikati, mikono kifuani.

"Nimekaa kwa ajili ya shangazi yangu," aliwaambia. "Msije mkadhani nimekubali."

Mganga alifika na fimbo na kitambaa cheusi. Akamfunika kichwa na kuanza kunguruma. "Toka! Nakuamuru, toka!" Kila alipopaza sauti ile harufu ilizidi, na Shingo, gizani chini ya kitambaa, aligundua kwamba kelele zile zilikuwa zikimnenepesha huyo aliyekuja na harufu. Ndipo mwasho ukamwanza. Ulimwanza katikati ya kiganja cha kulia.

Huu si wangu, akawaza. Alikuwa ameishi na wake miaka ishirini, anajua unapolala na unapoamkia. Huu ulikuwa mgeni. Akaingiza kidole gumba ndani ya ngumi, akakaza polepole, akapumua. Mwasho ukapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Nifungulie," sauti ikamnong'oneza, ndani ya sikio. "Kidogo tu."

Hakuijibu wala hakuikemea. Alihesabu pumzi zake. Mwasho ukatetemeka, ukapungua, ukatoka, na papo hapo ikasikika fimbo ya mganga ikimgonga mwenyewe kwenye paji la uso.

Shingo alikivua kitambaa. Mganga alikuwa chini, damu ikimtiririka usoni. Lakini hakuna aliyemtazama, kwa maana Shangazi alikuwa ameondoka ukutani, anatembea kwa hatua fupi zisizo zake, machozi yanamtoka na mdomo umefumbwa, akapita meza ya kwanza, akapita ya pili, akafika kwenye mashine yake, akauweka mkono wa kushoto chini ya kisu, vidole vimetandazwa vizuri kama karatasi inayosubiri kupunguzwa, na mguu wake wa kulia ukaanza kuinuka kuelekea pedali, ukiinuka na kusita, ukiinuka na kusita.

Mkunjaji alimrukia akamvuta. Mguu ukashuka kwa kishindo, pedali ikafika nusu, kisu kikaporomoka, kikakwama upana wa kidole juu ya mkono.

"Mwache!" Shingo alisema. "Ukimvuta unampa nguvu huyo aliyemwingia. Mwache." Akasogea, akapiga magoti kando ya pedali. Alikuwa akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na sauti yake ikatoka ndogo. "Shangazi. Unamsikia wapi?"

"Wayo," Shangazi alinong'ona. "Wayo wa kulia. Unawasha, mwanangu. Nikikanyaga mpaka mwisho tu utapoa."

"Najua. Uache uwashe. Usiutie neno. Kisigino kishushe sakafuni, polepole. Hivyo. Kikandamize. Pumua."

"Ananiomba. Ananiomba kwa sauti ya mama yangu."

"Mwache aombe. Wewe kandamiza."

Kisu kilitetemeka. Paja la Shangazi likatetemeka nacho, jasho likadondoka juu ya kiganja kilichotandazwa, na Shingo akaendelea kumwambia unapanda, shangazi, unapanda, bado kidogo, huo ndio mwisho wake, hauna pengine pa kwenda, mpaka kisigino kikatulia sakafuni na mkono ukatoka chini ya kisu, vidole vyote vitano.

Harufu ikaondoka pale ikaanza kuzunguka karakana. Ilipofika kwa mkunjaji, bega lake likashtuka.

"Ngumi!" Shingo alipaza sauti. "Kila mtu. Gumba ndani. Msimkemee, msimsikilize. Subirini."

Wakasubiri. Mama wa gundi alikaza mkono mmoja mzima, wa pili ukiwa kwenye bandeji. Bosi alikaza huku akilia waziwazi. Lile lisilo na jina likapita kwa mmoja mmoja likiomba, na kila mmoja akalinyima, mpaka vioo vya madirisha vikagongwa kwa ndani, kwa hasira, dirisha moja likafunguka, harufu ikatoka, na hewa ya nje ikaingia. Hakuna aliyelisikia tena.

Shingo alikaa sakafuni. Alikuwa ameizuia miruko yake asubuhi nzima, na sasa ikaja yote kwa pamoja: shingo ikaruka, ikaruka tena, hmk, hmk, mara nane.

"Bado yumo!" mganga alipiga ukelele, akitambaa kuitafuta fimbo yake.

Shangazi aliiwahi fimbo akaikanyaga, kwa mguu ule ule wa kulia.

"Shangazi," Shingo alisema, pumzi zikimpaa, "hii ni yangu."

"Najua. Unataka kuizuia?"

"Hapana."

"Basi iache iruke," Shangazi alisema, akamgeukia bosi. "Na wewe, mletee mwanangu kiti. Chenye mgongo."