Kipimadhiki cha Tunduma

Kipimadhiki kilipenya dirishani kwa Atuganile bila hodi, kikaelea juu ya meko kikivuma kama nyuki. Kilinusa sufuria, kikamulika kitanda, kikasikiliza mapigo ya moyo ya kila aliyekuwamo. Vipimadhiki vya namna hiyo, vyenye kanuni moja, vilipima nyumba zote za Tunduma, za Nakonde ng'ambo ya mpaka, na za dunia nzima. Nchi zikalinganishwa kwa dhiki, na mitaa iliyozidiwa ikaletewa chakula.

Tulinagwe, mhandisi aliyekibuni, alisimama mlangoni. Alieleza kwa upole kwamba ametumwa kujua mbona mtaa huu unavikataa vyombo vyake. Atuganile aliendelea kuchambua maharage, kisha akamwonyesha kwa kidevu nyumba ya jirani iliyofungwa.

Hapo, alimsimulia, aliishi Mzee Mwampashe, peke yake. Kila jioni Atuganile alimpelekea sahani ya ugali. Kipimadhiki kikaiona sahani, kikamhesabu mzee kuwa ana chakula, akakatiwa mgawo. Mzee akamsihi Atuganile asilete tena mpaka apimwe upya. Naye akatii, mtaa mzima ukatii, kila mtu akiogopa kumponza mwenzake. Mzee alikufa kabla zamu yake ya kupimwa haijafika.

Tulinagwe alijibu kwamba chombo kikianza kutenganisha chakula cha kupewa na cha kujipikia, kila nchi itadai inaishi kwa kupewa, na ulinganisho utavurugika.

"Sikukuuliza habari za nchi," alisema Atuganile. "Nakwambia mtu amekufa na njaa ukuta wa pili, na mimi nimepika."

Mhandisi alifungua kioo chake cha mkononi, chenye hesabu za vipimo, amtafute mzee. Hakumkuta. Alichokuta ni kwamba mwenye njaa kuliko wote alipoondoka, wastani wa shibe wa mtaa ulipanda, ukaupita wa Nakonde. Kumficha Atuganile aliona ni vibaya zaidi kuliko kumwambia.

"Mtaa wenu umehesabiwa kuwa na nafuu," alisema. "Mgawo utasitishwa."

Atuganile alinyanyuka, akamshika mkono, akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo.

Njiani majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, mawe mikononi. Tulinagwe aliamuru chombo, kilichokuwa kimetokea dirishani kumfuata, kishuke. Kilitua kiganjani mwake, bado kina joto. Alikiweka chini katikati ya njia, akasogea pembeni kuwapisha.